Nguo ya fundi ni ipi hasa, na huzaliwaje

Wengi wakisikia "nguo ya fundi" huwaza nguo iliyoshonwa kwa sindano ya mkono tu, bila mashine. Siyo hivyo. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na tangu wakati huo mafundi wa kila namna wameketi mbele ya cherehani bila kuacha kuwa mafundi. Tena hata kiwandani karibu kila mshono huongozwa na mkono wa mtu, kwa sababu kitambaa ni kitu legelege na mashine zenyewe hazijui kukishika vizuri.

Tofauti iko kwenye maamuzi. Kiwandani maamuzi yote hufungwa kabla kitambaa hakijakatwa: matabaka mengi hupangwa moja juu ya jingine, hukatwa kwa mkupuo, kisha mtu mmoja hushona kola kutwa nzima na mwenzake mifuko. Nguo ya fundi ni ile ambayo bado inaweza kubadilishwa ikiwa nusu imeshashonwa, kwa kuwa anayeitengeneza anaijua yote na anamjua atakayeivaa.

Mwanzo wake huwa mchoro, ingawa si lazima. Madeleine Vionnet, mbunifu Mfaransa aliyevuma miaka ya 1920, alikuwa akizungushia kitambaa kwenye kisanamu cha mbao, anabana kwa pini, anafungua, anabana tena, mpaka gauni lionekane. Yeye ndiye aliyejulikana zaidi kwa kukata kitambaa mshazari. Ukitaka kuelewa maana yake, chukua leso ya mfukoni ya pamba. Ivute kwa urefu, sambamba na nyuzi za mtande: haiendi popote. Ivute kwa upana, kufuata mshindio: karibu vilevile. Sasa ishike kwenye pembe mbili zinazokabiliana uivute. Inanyumbuka kama mpira. Ndiyo maana gauni lililokatwa mshazari hushika mwili bila zipu wala lastiki, na ndiyo maana pia humsumbua fundi, kama tutakavyoona.

Kisha vipimo: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, urefu wa mkono. Futi ya kupimia husema nusu tu ya habari. Nusu nyingine fundi huipata kwa macho, maana watu wengi wana bega moja lililoshuka kuliko jingine, na wapo wanaosimama wakiwa wameinama kidogo bila wenyewe kujua. Juu ya vipimo huongezwa nafasi ya kupumua, kukaa na kunyoosha mkono. Shati lenye upana uleule wa kifua chako halivaliki.

Vipimo hugeuzwa kuwa pateni za karatasi, yaani vielelezo vya kukatia kitambaa. Kama kitambaa ni cha ghali au mtindo ni mgumu, hushonwa kwanza nguo ya majaribio kwa kitambaa rahisi cha pamba kama merikani au bafta, ikachorwa kalamu na kukatwakatwa bila huruma. Mimi naona hatua hii ndiyo inayorukwa mno na watu wenye haraka, na ndiyo inayookoa kitambaa kingi zaidi. Kitambaa chenyewe, kikiwa cha pamba, hufuliwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. La sivyo kitarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na mwenye nguo atadhani amenenepa.

Kwenye kukata hakuna kurudi nyuma. Niliwahi kuharibu mita mbili za mahameli kwa kutaka kubana kitambaa: nilikilaza kipande cha kulia kikielekea juu na cha kushoto kikielekea chini ili vipande vyote vienee. Mezani havikuwa na kasoro. Nilipoviunganisha na kusimama dirishani, upande mmoja ulikuwa mweusi kuliko mwingine, kama nguo mbili tofauti. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana mwelekeo wake. Ukiyalaza kinyume, mwanga huyapiga kwa namna nyingine. Hakuna mshono unaoweza kuficha hilo.

Baada ya kukata, fundi hapigi cherehani moja kwa moja. Hupiga bandi: mishono mirefu ya mkono, ya uzi hafifu, itakayofumuliwa baadaye. Mwenye nguo huivaa hivyohivyo, bandi zikionekana, mkono mmoja pengine haujatiwa. Hapa ndipo mikunjo inapozungumza. Mkunjo unaovutwa kutoka kwapani kwenda kifuani unasema pamebana; unaolala mlalo chini ya shingo nyuma unasema mgongo una kitambaa cha ziada. Fundi huchora chaki, hubana pini, hufumua bandi. Kwa koti la suti la kupimwa, jambo hili hurudiwa mara mbili au tatu. Mafundi wa Savile Row, mtaa wa London unaosifika kwa suti za kupimwa, husema suti moja hula angalau saa 50 za kazi ya mkono, na sehemu kubwa ya saa hizo haionekani kabisa: imejificha kati ya kitambaa na bitana, ambako turubai jepesi lenye nywele za farasi hushikizwa kifuani kwa mishono midogo isiyohesabika badala ya kubandikwa kwa gundi.

Ndipo nguo hushonwa kweli. Kila mshono hupigwa pasi kabla haujakutana na mwingine, na nakshi, kama ipo, huwekwa vipande vikiwa bado bapa. Ukitaka kujua umeuziwa nini, geuza nguo ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Fundi huacha akiba ya kitambaa, pengine sentimita mbili au tatu, ili nguo iweze kupanuliwa mwakani. Kiwanda huacha sentimita moja au pungufu, kwa kuwa hakitegemei kumwona mvaaji tena.

Hubaki vifungo na pindo. Gauni la mshazari hutundikwa usiku kucha kwanza, kwa sababu kitambaa hushuka kwa uzito wake, tena hakishuki sawasawa. Asubuhi mwenye nguo husimama wima na viatu vyake miguuni, fundi hupiga magoti na rula, akapima kutoka sakafuni kwenda juu, pini baada ya pini, akizunguka. Ukilitandika gauni mezani, mstari wa pini unaonekana umepinda. Anaukata hivyohivyo ulivyopinda.