Maji ya Korongo Hayasafishwi na Mwendo Wake

Wanaojiandaa kutembea kwa miguu siku kadhaa katika vilima vya Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, hupenda mwezi Mei, kwa kuwa mvua za Dodoma zimekwisha na baadhi ya makorongo bado yana maji. Hapo ndipo husikika kauli ya siku nyingi kwamba maji yanayotiririka hujisafisha yenyewe, hivyo hakuna haja ya kubeba mengi.

Kauli hiyo si sahihi. Mwendo wa maji hauui vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo wala amiba, na mifugo iliyonyweshwa juu ya korongo huacha kinyesi kinachoshuka na maji yaleyale, hata yakionekana maangavu. Maji yanayochotwa kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, kama wafanyavyo wenyeji wengi, huwa yamechujwa kwa kiasi, jambo ambalo ni jema, lakini kuchujwa na mchanga si kuchemshwa.

Kuchemsha hadi maji yatokote kwa dakika moja kunatosha. Anayechemsha kwa nusu saa anamaliza kuni bure. Mwenye vidonge vya klorini na ayachuje kwanza maji yenye tope kwa kitambaa safi, kwa sababu tope hupunguza nguvu ya dawa, kisha asubiri dakika 30 au kama kifungashio kinavyoelekeza.