Ng'ombe anayerudia wakati wa kaskazi: acheni kuisingizia mbegu

Kila inapofika kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Tanga na Muheza hunijia na lalamiko moja: ng'ombe amehimilishwa, yaani amepandikizwa mbegu za dume kwa mrija, mara tatu na kila mara amerudia kuhitaji dume, kwa hiyo mbegu zilikuwa zimekufa. Lalamiko hili limenichosha, hasa linapotolewa mbele ya mhimilishaji ambaye mwezi Julai alisifiwa na mfugaji huyohuyo.

Mrija wa mbegu hukaa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ukitunzwa hivyo haudhuriki kwa jua la Februari. Ikiwa mtungi wa nitrojeni ni uleule na mhimilishaji ni yuleyule, kilichobadilika ni ng'ombe. Joto la kawaida la mwili wake ni takriban nyuzi 38.5, na Friesian, ng'ombe wa kizungu wa maziwa, anayekamuliwa sana huzalisha joto jingi kwa kusaga chakula na kutengeneza maziwa, joto ambalo hewa nzito ya pwani haimruhusu kulitoa. Kizazi kikichemka, hata kwa kiasi kidogo, kiinitete, yaani mimba changa kabisa, cha siku mbili tatu za mwanzo hufa kwa urahisi, ilhali cha siku ya saba huwa kimeanza kustahimili. Mara nyingi, basi, mbegu ilifanya kazi yake na yai likarutubishwa. Kwa kuwa kiinitete kimekufa kabla mwili wa mama haujakitambua, jambo linalotokea karibu na siku ya 16, mzunguko hauvurugiki, na ifikapo takriban siku ya 21 ng'ombe huhitaji dume tena kana kwamba hajawahi kushika.

Mfugaji hunijibu kwamba masika yameanza, hewa imepoa, na bado ng'ombe anarudia. Ni kweli, kwa sababu yai linalopevuka leo lilianza kukua wiki nyingi nyuma, katikati ya kaskazi, na huenda ikapita mizunguko miwili au zaidi kabla ya mayai mazima kupatikana.

Kabla ya kumpigia mtu simu ya lawama, ingia bandani saa nane mchana, uinue mkono karibu na bati usikie joto lake, kisha uhesabu pumzi za ng'ombe kwa kutazama ubavu wake. Zikizidi 60 kwa dakika, ameelemewa, hata kama hajaachama wala kutoa ulimi. Nitasema tena ninalolisema kila mwaka: inua paa, liezeke kwa makuti, uache pande wazi, weka maji ya kutosha kivulini, na sehemu kubwa ya majani mpe jioni na alfajiri. Sindano ya homoni, ambayo wengi huiomba kabla hata ya kununua makuti, humleta ng'ombe kwenye hali ya kuhitaji dume lakini haimpozi.

Wapo wanaoamini kwamba ng'ombe asiyeonyesha dalili hana mzunguko. Katika joto kali dalili hufifia na kuwa za muda mfupi, na nyingi hutokea usiku, kwa hiyo anayechungulia zizi mchana pekee hataziona.

Wengine huacha uhimilishaji na kukodi dume la jirani. Dume naye huungua: korodani huhitaji ubaridi kuliko mwili, na kwa kuwa mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, joto la Machi huweza kuonekana kwenye mbegu za Aprili na Mei.

Kumwagia ng'ombe maji katika banda lisilopitisha upepo huongeza unyevu tu na hakumsaidii.

Joto hilohilo huwasumbua kuku pia. Kuhusu wanaotaga mayai ya maganda laini wakati huu, si lazima chakula kiwe kimepungukiwa na chokaa. Kuku anayehema kwa joto hupoteza kabonidioksaidi nyingi, kemia ya damu yake hubadilika, na gamba hukosa malighafi hata chokaa ikiwa tele kwenye chombo. Fungua madirisha ya banda kwanza, kisha tuzungumze kuhusu chakula.