Nususpishi za wanyamapori na vinasaba: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kwa muda mrefu twiga wote wa Afrika walihesabiwa kuwa spishi moja yenye nususpishi tisa, yaani makundi madogo ndani ya spishi, zilizotambuliwa kwa madoa, umbo la pembe na mahali mnyama alipokutwa. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya twiga 190 ulionyesha makundi manne yaliyotengana kiasi cha kuitwa spishi, na Agosti 2025 shirika la uhifadhi la IUCN liliukubali mgawanyo huo: twiga wa kaskazini, twiga wa Somalia, twiga wa Kimasai na twiga wa kusini. Kazi ya namna hii imezungukwa na dhana kadhaa zisizo sahihi, na baadhi yake zikiachwa zinaweza kuwadhuru wanyama wenyewe.

Dhana: Mzoefu wa porini huwatambua wanyama kwa macho, kwa hiyo maabara ni anasa.

Ukweli: Jicho la askari wa wanyamapori si la kudharauliwa, aliyezoea twiga wa Samburu na wale wa Amboseli hawezi kuwachanganya. Lakini sura ya nje hukosea kwa njia mbili. Twiga wa Rothschild, ambao Wakenya huwaona Ziwa Nakuru na Waganda huwaona Murchison Falls, kwa miongo mingi walihesabiwa nususpishi ya peke yao, ilhali vinasaba vyao vilipolinganishwa na vya twiga wa Nubia havikuonyesha tofauti ya kutosha kuwatenganisha. Kwa upande mwingine, twiga wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wanafanana machoni, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2023 uligundua kwamba walio mashariki na walio magharibi mwa kingo za Bonde la Ufa hawajabadilishana jeni kwa muda mrefu sana, kwa kuwa mnyama mwenye umbile kama hilo hawezi kupanda miteremko mikali. Hakuna doa la ngozi ambalo lingetoboa siri hiyo.

Dhana: Ili kupata vinasaba ni lazima mnyama alazwe kwa dawa au auawe.

Ukweli: Kinyesi kibichi hubeba seli zilizobanduka kwenye utumbo, na kikihifadhiwa upesi kwenye kimiminika kinachofaa hutosha kwa vipimo vingi. Unyoya hutosha pia, na hata ngozi kuukuu ya makumbusho huweza kueleza habari za kundi ambalo halipo tena. Kwa twiga hutumika mshale mwepesi unaokata kipande kidogo cha ngozi kisha ukadondoka chini. Adui mkubwa wa sampuli ni joto na unyevu, ambavyo huvunjavunja vinasaba kabla havijafika maabara.

Dhana: Mashine ikishasoma vinasaba hutoa jina la nususpishi, na mjadala unaishia hapo.

Ukweli: Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa zaidi, hasa kwa sababu inaonekana ya kisayansi. Kwanza, si vinasaba vyote vinavyosimulia historia ileile. Vile vya mitokondria, visehemu vya seli vinavyozalisha nishati, hurithiwa kwa mama pekee, na kwa kuwa ni vingi katika kila seli ndivyo rahisi kuvipata kwenye kinyesi. Vya kiini cha seli hutoka kwa wazazi wote wawili. Wapo tembo wa savana, kwa sura na kwa vinasaba vya kiini, ambao mitokondria zao ni za tembo wa msituni. Inaelekea kwamba zamani majike wa msituni walipandwa na madume wa savana, binti zao wakapandwa tena na madume wa savana, na kizazi baada ya kizazi athari ya msitu ikafifia kwenye kiini huku mitokondria ikibaki vilevile kutoka bibi hadi mjukuu. Mtafiti anayesoma mitokondria peke yake angemwandika tembo wa nyika kuwa ni wa msituni.

Pili, jibu hupatikana kwa kulinganisha, na penye upungufu wa sampuli zenye asili inayojulikana, ulinganisho huwa dhaifu. Tatu, vinasaba hupima umbali kati ya makundi, lakini havisemi mpaka uchorwe wapi. Ndiyo maana kabla ya uamuzi wa 2025 wapo watafiti waliopendekeza spishi sita au zaidi za twiga, na wengine tatu. Uamuzi wa busara huongeza ushahidi wa maumbile, tabia na jiografia.

Dhana: Majina haya ni mambo ya wasomi na hayambadilishii mnyama chochote.

Ukweli: Mwaka 2016 twiga waliorodheshwa kwa pamoja kuwa walio katika hali ya kudhurika. Nususpishi zilipotathminiwa mojamoja, twiga wa Nubia na wa Kordofan walionekana kuwa hatarini kabisa kutoweka, wa Somalia na wa Kimasai hatarini, ilhali wa Angola hawakuwa na tishio kubwa. Hesabu ya jumla ilikuwa imeyaficha yote hayo.

Dhana: Vinasaba vikionyesha tofauti, makundi yasichanganywe kamwe.

Ukweli: Kwa kawaida tahadhari hiyo ni sahihi. Faru weusi waliopelekwa Mkomazi, Tanzania, mwaka 1997 kutoka Addo, Afrika Kusini, walichaguliwa kwa sababu walikuwa wa uzao wa Afrika Mashariki, wenye asili ya Kenya. Hata hivyo, kundi likipungua mno, kuzaliana kwa ndugu huweza kuliangamiza kabla ya jangili. Puma (paka wakubwa wa Amerika) wa jimbo la Florida, Marekani, walibaki wapatao 20 hadi 30, wenye mikia iliyopinda, kasoro za moyo na madume wasio na uzazi mzuri. Mwaka 1995 waliletewa majike wanane kutoka Texas, ambao wakati huo walihesabiwa nususpishi nyingine. Watano kati yao walizaa, watoto wakawa na afya bora, na idadi ikapanda. Majike wa Texas waliokuwa hai bado waliondolewa baadaye, ili damu yao isije ikaimeza ile ya Florida.