Chumba cha Ndani cha Seli: Maswali na Majibu kuhusu Dawa za Kuzuia Protini Kungwi

Protini kungwi ni nini? Jina hili sijawahi kulisikia.

Protini ikitoka kutengenezwa huwa ni uzi mrefu tu. Haifanyi kazi mpaka ijikunje na kupata umbo lake, na ikijikunja vibaya hugandana na nyingine, ikageuka takataka ndani ya seli. Zipo protini ambazo kazi yake ni kuisimamia ile changa mpaka ikae sawa, kisha ziiache iende zake. Mwaka 1978 Ron Laskey na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walizifananisha na mtu mzima anayemsindikiza msichana asije akaharibikiwa. Sisi mtu wa kumsimamia mwali tunaye siku zote, ni kungwi, kwa hiyo nimeona jina hilo linatosha.

Nyingi huitwa pia protini za mshtuko wa joto, kwa kifupi Hsp. Chanzo chake ni mwaka 1962, Ferruccio Ritossa wa Italia alipoona kromosomu za nzi wa matunda zimevimba mahali pasipotarajiwa baada ya nzi hao kupata joto kupita kawaida. Inayotuhusu leo ni Hsp90. Hiyo 90 ni uzito wake kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli.

Kama kila seli inazo, saratani inaingiaje hapo?

Seli ya saratani inaishi kwa taabu. Protini zake nyingi zimepinda kwa sababu ya mabadiliko ya jeni, oksijeni ni haba, na bado inagawanyika bila kupumzika. Bila makungwi wengi haiwezi kusimama. Tena Hsp90 hailei protini moja: inashikilia HER2, AKT, RAF na nyingine nyingi zinazousukuma uvimbe ukue. Ukiizuia, zote zinayumba kwa pamoja. Ndiyo maana watafiti waliipenda mno.

Basi mbona dawa hizo hazijajaa hospitalini?

Si kwamba hazikujaribiwa. Geldanamisini, inayotolewa na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces, ilijulikana tangu 1970. Mwaka 1994 ikabainika kuwa inaikamata Hsp90. Ilikuwa kali mno kwa ini, wakatengeneza ndugu yake aliye mpole zaidi, ambaye alianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1999. Zikafuata nyingine chungu nzima. Ya kwanza kupata kibali ni pimitespibu, na kibali chenyewe kilitoka Japani mwaka 2022, kwa aina moja ya uvimbe wa tumbo na utumbo. Zaidi ya miaka 20, dawa moja, nchi moja.

Madhara yalichangia: kuhara, ini, na kwa baadhi ya dawa hata macho. Lakini lipo jambo jingine ambalo mimi naliona zito zaidi. Hsp90 ya kwenye saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini cha seli, humshikilia mpiga ng'oma mmoja aitwaye HSF1, protini inayowasha jeni. Dawa ikiikamata Hsp90, HSF1 anaachiliwa, anakimbilia kwenye kiini cha seli na kuagiza makungwi wa akiba, hasa Hsp70. Umemfukuza kungwi mmoja, wamekuja watano, na seli uliyotaka ife imepata walinzi wapya kwa mkono wako mwenyewe.

Nasikia siku hizi wanazungumzia "vyumba" vya seli. Vyumba gani?

Ukoo huu wa Hsp90 umegawana nyumba. Wengi wako kwenye saitoplazimu, GRP94 anakaa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijitando ndani ya seli, na TRAP1 yuko ndani ya mitokondria, mitambo ya nishati ya seli. Geldanamisini huwakamata walio nje ya mitokondria. Mitokondria haiifikii ipasavyo.

Mwaka 2007 kundi la Dario Altieri, wakati huo likiwa Massachusetts, Marekani, lilionyesha kuwa mitokondria za seli za saratani zimejaa TRAP1 pamoja na Hsp90, ilhali kwenye tishu nyingi zenye afya ni wachache. Humo ndani wanakizuia kitu kiitwacho siklofilini D kisifungue tundu kwenye utando wa mitokondria. Tundu likifunguka, mitokondria inavimba na kupasuka, protini iitwayo saitokromu c inavuja nje, na seli inaanza kujiua. Kumbe walinzi waliotakiwa kuondolewa walikuwa chumba cha ndani, na dawa miaka yote inabisha hodi sebuleni.

Dawa inaingizwaje huko?

Kwa umeme. Ndani ya mitokondria kuna chaji hasi, tofauti ya milivolti 150 hadi 180 hivi na nje. Ukiipa dawa mkia wenye chaji chanya ambao pia unapenda mafuta, kama trifenilifosfoniamu, itapenya utando na kuvutwa ndani. Hesabu yake ni tamu: kila milivolti 60, wingi wake ndani unazidi wa nje mara 10. Ukifika 180, ni mara 1,000. Na mitokondria za seli nyingi za saratani zina chaji hasi zaidi ya kawaida.

Altieri na wenzake waliunga mkia wa namna hiyo na geldanamisini, wakaiita gamitrinibu. Matokeo yake yalichapishwa 2009. Katika maabara na kwa panya iliziua seli za saratani, ya tezi dume ikiwemo, bila kuamsha ile ng'oma ya Hsp70.

Mkia huohuo umo kwenye MitoQ, kirutubisho kinachouzwa madukani. Mkia ni mmoja, mzigo ni tofauti. Asikuuzie mtu kama tiba ya saratani.

Moyo nao umejaa mitokondria. Hautadhurika?

Ndilo swali ambalo hata mimi ningeliuliza kwanza. Kwa panya, tishu zenye afya zilistahimili vizuri, na upungufu wa TRAP1 humo unaeleza kwa nini. Lakini mkia wenyewe hauchagui: misuli ya moyo nayo ina chaji kubwa. Panya si binadamu, na hapo ndipo nitakapoangalia kwanza majibu ya wagonjwa yakitoka.

Mama yangu anatibiwa saratani Ocean Road. Naweza kumpatia gamitrinibu?

Pole kwa kuuguza. Hapana, haipo dukani popote duniani. Gamitrinibu imeingia majaribio ya hatua ya kwanza Marekani, na hatua hiyo hutafuta dozi salama, haithibitishi kuponya. Aendelee na matibabu aliyopangiwa. Ukitumiwa tangazo kwenye WhatsApp kwamba inauzwa, ujue unaibiwa.

Kama joto linaamsha protini hizi, kujifukiza nyungu kunasaidia?

Fikiria tena: joto huongeza makungwi, na makungwi ndio wanaoilinda seli ya saratani. Hata hivyo mvuke hauufikii uvimbe ulio ndani. Mwili unatoa jasho na kujipoza. Zipo hospitali zinazopasha uvimbe joto kwa mashine maalumu sambamba na mionzi, lakini hiyo si nyungu. Mgonjwa aliye kwenye kemo, anayetapika na kuhara, akifunikwa blanketi juu ya sufuria huishiwa maji upesi, na maji yanayochemka yanaweza kumuunguza.