Nyumba imepanda thamani asilimia 10: mbona kodi ya shule na ya ambalansi haipandi hivyo?

Barua ya mthamini wa kaunti ikifika, wenye nyumba wengi katika jimbo la Washington, Marekani, hushtuka mapema mno. Wanachukua thamani mpya, wanaizidisha kwa kiwango cha kodi ya mali cha mwaka jana, na roho inawaruka. Hesabu haiendi hivyo. Huanzia kwenye jumla ya fedha, na kiwango hutafutwa mwishoni.

Tuanze na shule. Bodi ya shule inawaomba wapiga kura kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka minne. Tuseme ni dola milioni 20, na mali zote za wilaya hiyo ya shule zina thamani ya dola bilioni 10. Ukigawa, unapata dola 2 kwa kila dola 1,000 za thamani, na nyumba ya dola 400,000 inalipa dola 800. Mwaka unaofuata mali zote zinapanda asilimia 10. Zile milioni 20 zinabaki palepale, kiwango kinashuka hadi dola 1.82 hivi, na nyumba ambayo sasa ni ya dola 440,000 inalipa dola 800 zilezile. Anayeumia ni yule ambaye nyumba yake imepanda kuliko za majirani: ikipanda asilimia 20, atalipa karibu dola 873. Nyongeza hiyo haiingii shuleni. Inawapunguzia mzigo wale ambao nyumba zao zimepanda kidogo.

Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya kura ya shule ni makadirio tu. Juu yake kuna ukomo wa serikali ya jimbo: dola 2.50 kwa kila dola 1,000, au kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, na kinachotumika ni kile kilicho kidogo.

Kodi ya huduma za dharura, yaani ile ya ambalansi, ina tabia yake. Wapiga kura huidhinisha kiwango kisichozidi senti 50 kwa kila dola 1,000, lakini baada ya mwaka wa kwanza makusanyo hayaruhusiwi kukua zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka, ukiacha kodi ya majengo mapya. Tuseme wilaya ya huduma hizo nayo ina mali za dola bilioni 10: inakusanya dola milioni 5. Thamani ikifika bilioni 11 bila ujenzi mpya, itapata milioni 5.05, na kiwango kitashuka hadi senti 46 hivi. Nyumba yetu iliyolipa dola 200 inalipa 202.

Mishahara ya wahudumu, dawa na bei ya magari ya wagonjwa havijui hiyo asilimia 1. Ndiyo maana wilaya hurudi kwa wananchi kuomba kiwango kirudishwe senti 50, na wananchi huona ni tamaa. Kwa maoni yangu lawama ni ya vipeperushi vinavyotaja senti peke yake. Andikeni dola ambazo nyumba ya kawaida italipa, mwaka huu na ujao.

Mitego mikubwa iko kwenye kalenda. Kodi ya dharura ya miaka 6 au 10, ikiombwa mara ya kwanza, inahitaji asilimia 60 ya kura. Ikiendelezwa bila kukatika, wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, unatosha. Wilaya ikizembea muda ukaisha, inarudi kwenye asilimia 60. Tena, kura ikipita Novemba, fedha nyingi hazionekani hadi malipo ya tarehe 30 Aprili. Nusu ya pili ni 31 Oktoba. Bila akiba ya miezi minne ya kwanza, mishahara italipwa kwa mkopo.

Kodi ya uendeshaji wa shule, ile tuliyoanza nayo, inapita kwa wingi wa kawaida tangu katiba ya jimbo irekebishwe mwaka 2007. Hati fungani, yaani mikopo ya muda mrefu, za kujenga madarasa bado zinadai asilimia 60. Bodi nyingi hupeleka ombi Februari, kwa sababu likianguka linaweza kurudishwa Aprili, kabla ya 15 Mei, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya mwisho ya kuwapa taarifa walimu ambao mikataba yao haitaendelezwa. Mwaka mmoja unaruhusu majaribio mawili tu.

Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 61, au mwenye ulemavu, ambaye kipato chake hakizidi ukomo wa kaunti yake, anasamehewa hizi kodi za shule zinazopigiwa kura. Msamaha hauji wenyewe: fomu hupelekwa kwa mthamini wa kaunti, pamoja na vithibitisho vya kipato.