"Tuletee mtu awatishe": dhana potofu kuhusu kuwakinga vijana na dawa za kulevya

"Daktari, tuletee mtu mmoja aliyeharibika na unga (heroini) aje azungumze na wanafunzi. Wakimuona tu, wataogopa wenyewe."

Ombi hili hunifika kila inapokaribia tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya. Huja kutoka kwa walimu wakuu, masheha, walimu wa madrasa, hata kamati za vijana wenyewe. Safari hii limekuja kutoka mjini Unguja na kutoka Pemba karibu kwa pamoja, na maneno ni yale yale. Nimeona bora nilijibu kwa maandishi kuliko kuendelea kulijibu kwenye simu, na hapo hapo niyajibu mengine machache ninayoyasikia kliniki.

Dhana: Kijana akitishwa vya kutosha, hatogusa

Si kweli, na ushahidi wake ni wa miaka mingi. Marekani walianzisha mpango wa D.A.R.E. huko Los Angeles mwaka 1983. Askari polisi anaingia darasani, anaeleza madhara, anaonya. Mpango ukaenea nchi nzima. Watafiti walipowafuatilia watoto wale miaka kadhaa baadaye, waliopitia mpango na wasioupitia hawakuachana kwa chochote cha maana katika kutumia dawa, na mwisho mtaala ukabidi ubadilishwe. Baina ya 1998 na 2004 nchi hiyo hiyo ikatumia fedha nyingi mno kwa matangazo ya televisheni ya kuwaepusha vijana na bangi. Tathmini haikuona bangi kupungua. Kwa baadhi ya vijana zilionekana dalili za kinyume.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, ikavitoa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Miongoni mwa mambo yanayotajwa humo kuwa hayaleti matokeo, au hata huleta madhara, ni kuwatisha watoto, kuwapa habari tupu bila mazoezi, kufanya tukio la mara moja likaisha, na kuwapandisha jukwaani watu waliowahi kutumia ili wawasimulie wanafunzi maisha yao.

Hili la mwisho ndilo watu wanalolikataa, kwa hivyo naomba tulitazame kwa macho ya mtoto. Yuko kidato cha pili, anaishi Jang'ombe. Asubuhi anaambiwa kwamba anayevuta bangi huwa mwendawazimu. Jioni anakwenda uwanjani, anamkuta kaka wa jirani anavuta, na bado kaka huyo anacheza mpira vizuri, anachekesha watu, ana simu nzuri. Kwa mtoto yule, waongo ni sisi. Siku tutakayomwambia habari za unga, ambao khasa unaua, ameshaacha kutusikiliza.

Na mgeni wetu jukwaani je? Amevaa vizuri, anazungumza kwa ufasaha, anapigiwa makofi, ana kazi ya ushauri. Baadhi ya wanafunzi wanatoka pale wakiamini kwamba mtu anaweza kuvuta miaka kumi kisha akatoka salama. Wengine wanajiambia kwamba yule alikuwa dhaifu, wao wana akili zao. Wengine wanaukumbuka ufundi tu: kete ya unga bei gani, inachanganywa vipi, inavutwa na nini. Mtoto mwenye kaka yake anayetumia nyumbani anainamisha kichwa muda wote ukumbi unapocheka au kuguna, na alichojifunza siku ile ni kwamba asithubutu kumwambia mwalimu. Isitoshe, wale tunaowahofia zaidi hawamo ukumbini kabisa. Wameshaanza utoro miezi iliyopita, na hapana aliyekwenda kuwauliza.

Kwa kijana wa miaka kumi na minne, ugonjwa utakaomfika baada ya miaka kumi hauna uzito mbele ya wenzake watatu wanaomtazama sasa hivi wakisubiri avute au asivute. Hapo ndipo anapohitaji msaada, na woga haumpi neno la kusema.

Sisemi waliopata nafuu wanyamaze. Tangu soba za mwanzo, yaani nyumba za kuwasaidia wanaoacha dawa, zifunguliwe hapa Zanzibar mwaka 2009, wao ndio wameingia kwenye mageto na maskani ambako mimi nikitokea watu wanatawanyika. Wao ndio wanaomshawishi anayejidunga apime VVU na homa ya ini, wanaomshika mkono mpaka kwenye dirisha la methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa unga, wanaokaa kitako na mama aliyekata tamaa. Kwa mtu anayetumia tayari, na kwa familia yake, sauti yao haina mbadala. Kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa, kinachofaa ni kitu kingine.

Kitu chenyewe ni mazoezi. Kinga ya skuli iliyoonyesha matokeo huwa na vipindi kumi hadi kumi na tano, kimoja kwa wiki, chini ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na watoto huzungumza kuliko yeye. Wanaigiza: uko nyuma ya ukuta wa skuli, rafiki yako khasa anakupa sigara, anakwambia, "Vuta pafu moja tu, hutokufa." Utamjibu nini bila ya kugombana naye na bila ya kuonekana mwoga? Vijana wa hapa wana majibu ambayo mimi nisingeyafikiria. "Kesho nina mechi." "Mama hunusa nguo nikiingia mlangoni." Wakiyasema mara nyingi mbele ya wenzao, siku ya siku maneno yanatoka. Zoezi jingine: kila mmoja anakadiria ni wangapi darasani wanaovuta, kisha wanaandika ukweli wao kwenye vikaratasi bila ya majina, tunahesabu. Vijana kwa kawaida hudhani wenzao wanaotumia ni wengi kuliko walivyo, na kuigundua idadi ya kweli kunamuondolea mtu hisia kwamba yeye tu ndiye aliyebaki nyuma.

Sasa kuhusu kuwashirikisha vijana. Kuwavisha fulana na kuwapa bango la kubeba katika maandamano si kuwashirikisha. Ninachoomba kila shehia ni kiti cha vijana wawili, mmoja msichana, katika kamati inayopanga, wakae tangu kikao cha mwanzo. Wao ndio wanaojua ukuta gani, saa ngapi, duka gani linauza vidonge bila ya cheti cha daktari, na mtoto gani ameacha kuja mazoezini. Maigizo ya vipindi waandike wao, kwa lugha ya maskani, kisha tuwafunze kuyaongoza. Baraza la Vijana la Zanzibar lipo, na vijana wenye moyo wapo Micheweni na Mkoani kama walivyopo Ng'ambo. Wanachokosa ni kupewa kazi ya kweli.

Na wazazi wasinirudishie mpira. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliwauliza vijana wenyewe mara kwa mara kwa madodoso, majibu yakarudishwa haraka kwenye skuli na mitaa husika. Wazazi wakakubaliana saa za watoto kurudi nyumbani. Manispaa zikachangia ada za michezo na muziki. Sisi fedha za namna hiyo hatuna, lakini wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana saa ya kurudi bila ya kungoja bajeti ya mtu. Ushauri wangu, ambao wenzangu wameshachoka kunisikia nikiurudia: mjue kwa jina mzazi wa kila rafiki wa mwanao, uwe na namba yake ya simu, na muda wa baina ya kutoka chuo cha Kurani jioni na sala ya isha ujue mtoto yuko wapi na nani.

Kwa hivyo, Maalim, unaponiomba nusu saa ya kuwatisha, nitakujibu kwa kuomba vipindi kumi, walimu wawili wa kuwafunza, na kikao kimoja cha wazazi. Tarehe 26 Juni ifae kwa kuonyesha kilichofanyika mwaka mzima.

Dhana: Ukimzungumzia mtoto dawa za kulevya, unamfungua macho

Ajabu ni kwamba mzazi anayeniambia hili mara nyingi ndiye aliyeunga mkono mgeni wa kutisha. Mtoto ameshasikia mtaani, na huenda kete ameiona. Kinachotakiwa ni kiasi kinacholingana na umri. Wa miaka saba hahitaji habari za unga. Anahitaji kujua kwamba vidonge vya bibi si peremende, na kufundishwa kusema "nimekasirika" kabla ya kupiga mwenzake. Uwezo huo wa kujizuia na kujieleza ndio msingi tunaoujengea baadaye.

Dhana: Bangi ni majani tu

Karibu mmoja kati ya kumi wanaotumia bangi huwa mraibu. Kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni karibu mmoja kati ya sita, kwa sababu ubongo bado unakua, na huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Anayevuta kwa wingi tena mapema hujiongezea hatari ya kuugua akili. Hatari hiyo si hakika kwa kila mvutaji, na tusiseme ni hakika, maana tutarudi kule kule kwa kaka wa jirani. Kwetu liko jambo jingine linalonihangaisha zaidi, nalo ni kokteli, sigara ya bangi iliyotiwa unga ndani. Kijana anapokea sigara akidhani ni bangi tupu, na unga umeshaingia.

Dhana: Mabinti wa kwetu hawatumii

Wanatumia. Hawaonekani kwa sababu aibu inayowapata ni kubwa zaidi, familia huwaficha, na huduma nyingi zilipangwa kwa kufikiria wanaume. Ndiyo maana nasisitiza yule msichana mmoja kwenye kamati.

Dhana: Methadoni ni kubadilisha unga kwa unga mwingine

Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, kwa kipimo kilichopangwa. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, huzuia arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga unapoukosa, na haimpi mtu ule mpando, yaani kulewa, wa kete. Mtu anaamka, anakunywa dawa, anakwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili walianza kuitoa 2011, na hapa kwetu hospitali ya Kidongo Chekundu 2015. Anayeipinga akumbuke pia sindano: utafiti wa 2007 Unguja ulikuta VVU kwa takriban asilimia 16 ya wanaojidunga, ilhali kwa jamii nzima ya Zanzibar maambukizi hayafiki asilimia 1. Na wanaojidunga wana wake na waume.

Dhana: Mfungieni chumbani wiki moja, akitoka amepona

Arosto ya unga huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa ndani ya wiki. Inatesa mno, ila kwa kijana mwenye afya ni nadra kuua, mradi anywe maji na asikauke kwa kutapika na kuharisha. Arosto ya pombe ni jambo jingine. Mtu aliyezoea kunywa kila siku, au anayemeza vidonge vya jamii ya valiumu kwa wingi, akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa humo humo chumbani. Msifunge mlango kabla ya kumuuliza mtu wa afya. Dua sizipingi, na kombe la aya za Kurani analokunywa mgonjwa sina ugomvi nalo, alimradi hospitali nako afikishwe.

Hata wiki ikipita salama, hajapona. Mwili umetulia, lakini maskani iko pale pale, namba za pusha, yaani muuzaji wake, anazo kichwani, na kazi hana. Akirudia, anarudia kipimo chake cha zamani kwa mwili ambao haukizoei tena. Wanaotoka soba, wanaotoka jela na waliofungiwa majumbani ndio walio katika hatari kubwa ya kufa kwa kuzidisha, khasa wiki za mwanzo. Familia ziambiwe hivyo siku ile ile anaporudi nyumbani, tena yeye mwenyewe akiwapo anasikiliza.

Mkimkuta hazinduki, anapumua taratibu mno au kwa kukoroma, midomo imebadilika rangi, msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa wala chumvi. Kama anapumua, mlazeni ubavu na msimuache peke yake. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi mdomoni aanze pale pale. Mpelekeni hospitali iliyo karibu bila ya kungoja, na mkifika mwambieni daktari ametumia nini, hata kama baba mtu amesimama hapo.