Kuku Nairobi: je, ni haramu?

Utasikia sana kwenye ploti za Nairobi kwamba sheria haikubali kuku mjini, na kwamba kanjo (askari wa kaunti) wakiona kibanda wanakibomoa. Imani hii haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi kanuni za jiji, nyingine zenye mizizi ya enzi za mkoloni, ziliutazama ufugaji kama jambo la shambani lililopotea njia.

Mambo yamebadilika. Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kilimo, ufugaji ukiwemo, na mwaka 2015 Nairobi ikapitisha sheria yake ya kilimo cha mjini. Hata jina lake linataja kukuza na kudhibiti, na neno hilo la pili ndilo watu husahau.

Maana kuruhusiwa si kuachiwa huru. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu kuwa kero mnyama anayefugwa kwa namna inayodhuru afya ya watu. Kwa hiyo kesi nyingi huanzia kwa jirani: harufu ya kinyesi kilicholowa, inzi jikoni kwake, au jogoo asiyejua kwamba saa tisa usiku si alfajiri. (Mayai hayahitaji jogoo, tafadhali.)

Kisha kuna mwenye nyumba. Mkataba wa upangaji ukikataza mifugo, ruhusa ya kaunti haikusaidii. Usome kabla hujanunua vifaranga, halafu uulize ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo yako.